Saa Mbili ya Sofia

Mbulgaria aliingia nyumbani kwangu ndani ya bakuli la matango. Nilirudi kutoka kazini nimechoka, nimeshinda nikiwapandisha na kuwashusha wagonjwa wa figo kwenye gari la kampuni, nikakuta mezani supu ya baridi: mtindi uliolainishwa kwa maji, matango yaliyokatwa vipande vidogo vidogo, kitunguu thomu na chumvi. Nikamwuliza mke wangu, hiki nini. Nusra akasema hicho ndicho anachokula Bwana Ognyan wakati wa joto, nami nionje, maana kwa joto la Houston hakuna dawa kama hiyo. Nikaonja. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi.

Naitwa Shamte. Ni mtu wa Unguja, mzaliwa wa Kikwajuni, na sasa nakaa Sharpstown, hapa Houston, kwenye nyumba za kupanga ambako ukifungua dirisha asubuhi unasikia Kihispania, Kiarabu, Kilingala na Kiswahili kabla hujasikia Kiingereza. Nasema mapema ili msomaji asijisumbue kunitafutia sifa: mimi ni mtu wa wivu. Nilikuwa hivyo ujanani, na mvi hazikunipunguzia kitu. Wapo wanaoona wivu kwa nyumba ya mtu au gari ya mtu. Wangu mimi ni wa mke, na safari hii ulinishika kwa ajili ya mzee wa miaka themanini na ushei ambaye hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Mkono wenyewe ni wa Nusra.

Nusra kazi yake ni kulea wazee majumbani mwao. Tangu Aprili alikuwa akienda Missouri City, pembeni mwa Houston, kwa huyu Ognyan, mjane, anayekaa peke yake kwenye nyumba kubwa yenye majani mbele yanayokatwa na watu wa kulipwa. Binti yake wa pekee yuko Mansfield, huko juu kaskazini ya Texas karibu na Arlington, na humtazama baba yake mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi alasiri mzee alikuwa na mke wangu, na mke wangu alikuwa na mzee. Mimi nilikuwa na foleni za Southwest Freeway.

Supu ningeistahamili. Nilichoshindwa kustahamili ni hadithi. Ognyan alikuwa mtu wa televisheni ya taifa kule Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, tangu kijana, na kila jioni Nusra alirudi na kipande kipya cha televisheni ya Bulgaria, akanipakulia pamoja na wali. Nikajua, bila kutaka, kwamba walianza kurusha matangazo mwaka wa hamsini na tisa, saa chache tu, na kwamba mwenye seti alikuwa hana nyumba tena, maana majirani walikuja kila mmoja na kiti chake. Nikajua Ognyan alikaa katika chumba kile ambamo picha zote huingia na moja tu hutoka kwenda hewani, na kidole chake ndicho kilichobonyeza. Miaka yote hiyo nchi nzima ilikuwa na chaneli moja. Ya pili ilipofunguliwa mwaka wa sabini na tano, Nusra alisimulia akicheka, ndipo ugomvi wa kuchagua ulipoanza majumbani.

Kulikuwa na Ijumaa za Moscow. Ijumaa picha zilikuja kutoka Urusi moja kwa moja, Ognyan anafungua njia, Moscow inaingia, yeye anakaa pembeni na kahawa yake kwa kuwa hana la kubonyeza. Halafu serikali ya kikomunisti ikaanguka, na wasomaji wa habari waliokuwa wakisoma kama watu wa mimbarini wakaanza kukohoa katikati ya sentensi. Halafu zikaja nyaya, kila mtaa na kampuni yake, zimetandazwa kutoka paa hadi paa, na watu wa Sofia wakawa wanaangalia Wajerumani na Wataliano. Mwaka wa elfu mbili ikaja televisheni ya kwanza ya watu binafsi iliyoenea nchi nzima, ina taa nyingi na watangazaji wanaocheka, na vijana aliowafundisha Ognyan wakaifuata mmoja mmoja. Mwaka wa kumi na tatu wakazima mitambo ya zamani wakaingia dijitali. Yeye alikuwa ameshahamia Texas. Nusra aliniambia mzee alilia siku ile kwa sababu kitufe cha mwisho kilibonyezwa na mtu mwingine, na aliponiambia hivyo macho yake yeye yalikuwa na maji.

Nikaweka kijiko chini.

Sasa nisikilizeni. Mimi pia ni mtu wa televisheni. Mwaka wa sabini na tatu Unguja ilipowasha televisheni yake, iliwasha kwa rangi. Rangi tangu siku ya kwanza! Bara hawakuwa na televisheni yoyote, na wakakaa hivyo miaka ishirini mingine. Serikali ikaweka seti za umma mashamba na mjini, watu wakakaa chini kwenye mikeka wakaona kijani cha karafuu kikiwa kijani. Na mmoja wa waliosimama nyuma ya kamera, mdogo kuliko wote, ndevu hazijaota, alikuwa mimi. Huko Sofia rangi ilikuja pole pole, na watu wengi waliendelea kuangalia kijivu miaka na miaka. Haya siyasemi kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu katika ndoa yetu yote, na ni ndoa ndefu, Nusra hakuwahi kuniuliza swali hata moja juu ya televisheni. Wanasema asiyekujua hakuthamini. Na anayekujua sana je?

Jioni moja nilijaribu. Alikuwa katikati ya Moscow na kahawa, nikasema, "Sisi tulianza na rangi." Akasema, "Najua," akarudi Moscow. Lile "najua" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Kuna na jambo la kichwa. Wabulgaria, wakikubali, hutikisa kichwa kulia na kushoto kama sisi tunavyokataa. Nusra alikuwa ameshauchukua mtikiso ule. Namwuliza chai iko tayari, anatikisa kichwa, kumbe chai iko tayari. Mtu anaweza kumwazima mwenzake supu, hata hadithi. Kichwa cha mke wangu sikumbuki kumwazima mtu.

Na tulikuwa na desturi yetu, mimi na Nusra, ambayo sikutaka iguswe. Kila siku ya kazi nampigia simu wakati wa chakula cha mchana. Hatusemi la maana. Umekula, nimekula, Hamdiya amepiga, hajapiga, unga umekwisha. Hamdiya ni binti yetu, muuguzi, yuko Dallas. Zamani nilipiga saa sita ya mchana. Nusra alipoanza kazi kwa Ognyan akaniomba nisogeze hadi saa saba, kwa sababu saa sita ya Houston ndiyo saa mbili usiku ya Sofia, na saa mbili usiku ni taarifa ya habari. Katika nyumba ya Ognyan taarifa ya habari ikianza hakuna anayesema, simu zinalazwa kifudifudi, hata kikombe hakigongwi.

Nilikubali, na nilikubali kwa moyo, kwa sababu hapo tu ndipo nilipompenda kidogo yule mzee. Mkononi navaa saa yenye wakati wa Unguja. Sijawahi kuibadilisha. Saa sita ya mchana ya Houston saa yangu ilisema saa mbili usiku, wakati uleule wa Sofia, na nyumbani kwetu pia ndipo watu wanapokaa mbele ya taarifa ya habari. Marehemu baba alikuwa akitunyamazisha kwa jicho. Nikaona basi, Sofia na Unguja saa yao ni moja, huyu mzee si mtu wa mbali. Saa yangu ikisema saa tatu usiku, habari zimekwisha, napiga, na Nusra anapokea kabla mlio wa pili. Hivyo ndivyo tulivyokwenda tangu Aprili hadi mwisho wa Oktoba.

Jumapili moja binti wa Ognyan akaja kutoka Mansfield. Alikuwa ameamua kuiuza nyumba ya Missouri City na kumchukua baba yake akae naye kabla ya Disemba kwisha. Akamwita Nusra jikoni akamwomba aende nao. Atapewa chumba chake, mshahara utapanda, atalala kule siku nne na kurudi Houston siku tatu. Nusra aliniambia usiku huo akikunja nguo, hakuniangalia.

"Anataka ni-move nao," alisema. "Siku nne kule, tatu hapa."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia nitafikiri."

Nitafikiri! Mtu asiyetaka husema sitaki. Nilihesabu kichwani siku ambazo ningelala peke yangu katika nyumba ile, nikisikiliza friji, wakati mke wangu yuko mwendo wa saa nne kutoka kwangu akisikiliza habari za Moscow. Nilimwambia, "Kafikirie basi. Na ukienda usisahau matango." Akachukua nguo alizozikunja akaenda zake chumbani, na kuanzia hapo tukanuniana.

Waliowahi kuishi na watu wa kwetu wanajua tunavyonuna. Chakula kinapikwa, kanzu inapigwa pasi, chai inawekwa mbele yako na sukari yake sawasawa. Ila neno halitoki. Mtu mzima na mke wake wanapishana ukumbini kama wapangaji.

Jumatatu saa saba ya mchana nikapiga simu vilevile, maana kununa ni kununa na desturi ni desturi. Ikaita mpaka ikakata. Niliitazama saa ya mkononi: saa tatu usiku juu ya alama. Habari za Sofia zimekwisha, kwa hesabu yangu. Jumanne ikaita ikakata. Alasiri jina lake likatokea kwenye simu yangu, mimi niko barabarani na mgonjwa nyuma, nikaliacha liite. Siku ya pili yake likatokea nimeegesha gari kivulini kando ya barabara ya Bissonnet, sina mgonjwa wala kazi, nikaliacha liite pia. Jioni sikuuliza. Kuuliza ni kujishusha. Naye hakusema.

Lakini kichwani nilikuwa na televisheni yangu, na ilirusha usiku na mchana. Habari zimekwisha, simu bado imelala kifudifudi, na wao wawili wamekaa. Wamekaa wakifanya nini? Wanazungumza Mansfield. Anamwonyesha picha ya chumba. Anamwambia kule kuna dirisha linaloelekea bustani. Mawazo ya mwenye wivu hayahitaji petroli. Nilimpitisha mgonjwa mmoja mlangoni kwake nisijue, mpaka yule bibi akaniambia kwa upole kwamba nyumba yake tumeiacha nyuma.

Alhamisi mgonjwa wangu wa mchana alilazwa, safari ikafutwa. Saa saba nikapiga. Ikaita ikakata. Nikageuza gari.

Njia nzima ya Missouri City nilikuwa najipangia maneno. Kila taa nyekundu ya Highway 6 nilisahihisha sentensi. Nilikuwa nimwambie kwamba mimi si mti. Nilikuwa nimwambie mzee kwamba kwetu mke wa mtu haulizwi kuhama mji bila mumewe kuulizwa kwanza. Nikaegesha mbele ya yale majani yaliyokatwa, gari lenye jina la kampuni na ngazi ya kupandishia viti vya magurudumu, nikagonga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nusra akafungua. Kabla sijafumbua mdomo akaweka kidole kwenye midomo yake, akanishika kipande cha shati, akanivuta ndani na kunikalisha kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Nilikaa. Sijui kwa nini nilikaa. Nadhani ni kwa sababu nilisikia sauti ile ambayo mtu wa kazi yetu huitambua katika lugha yoyote, sauti ya mtu anayesoma habari.

Ognyan alikuwa mbele ya televisheni, mdogo kuliko nilivyomchora, blanketi magotini. Alikuwa amevaa koti na tai. Nusra alikuwa ameshanisimulia kwamba kwenye kile chumba cha Sofia hakuna aliyeingia zamu bila tai, hata usiku wa manane, na kwamba mzee bado anavaa kila habari zinapokaribia. Kitu ambacho hakunisimulia nilikiona mwenyewe: mikono ya yule mzee inatetemeka kiasi kwamba hawezi kufunga hata kifungo. Sasa tai ile ilifungwa na nani? Fundo lake lilikuwa zuri, limekaa katikati.

Nikaelekeza macho kwenye kioo cha televisheni ili nisimtazame. Kwenye pembe ya picha palikuwa na saa. Ilisema ishirini na dakika thelathini na moja, yaani saa mbili na nusu ya usiku. Nikatazama mkononi. Saa yangu ilisema saa tatu na nusu.

Kwanza nilifikiri saa yangu imeharibika. Halafu nikaelewa. Jumapili ile Ulaya walirudisha saa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Marekani nao hurudisha, lakini hungoja wiki moja zaidi. Kwetu Unguja haturudishi wala hatupeleki, jua linachomoza saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, na mtu aliyekulia huko hata akae Texas mpaka azikwe hazoei kwamba saa ni kitu cha kusukumwa. Mimi nilikuwa nimeshaamua Sofia na Unguja ni saa moja, nikalala usingizi. Sofia ilikuwa imeondoka bila kuniaga. Wiki nzima nilikuwa nikimpigia mke wangu katikati ya taarifa ya habari, na katika nyumba ya baba yangu mimi ni nani angethubutu kupokea simu wakati huo?

Nilikaa nao kimya mpaka habari zikaisha. Sikuelewa neno hata moja. Mkuki kwa nguruwe: kimya nilichokisifu kikiwashika wengine, sasa kilinishika mimi.

Ognyan akapunguza sauti, akageuka na kiti chake cha kuzunguka, akanyosha mikono yote miwili. "Bwana Rangi," aliniita, kwa Kiingereza kizito kuliko changu. Akasema alifanya kazi ya televisheni karibu miaka arobaini na hakuwahi kukutana na mtu aliyeanza moja kwa moja na rangi. Akaniuliza taa zetu zilikuwa kali kiasi gani. Akaniuliza tulifanyaje kwa jasho, watu wanapokaa mbele ya taa zile na joto la Unguja. Alijua jina la mwongozaji wetu. Alijua kwamba kamera yangu ilikuwa na gurudumu moja linalolia, nami nililipaka mafuta ya nazi. Mimi nilikuwa nimelisahau lile gurudumu.

Halafu akasogea mbele akaniuliza, "Ni kweli walikupa onyo kwa ajili yake?"

Nusra aliinuka akaenda jikoni.

Kisa hiki sikumwambia mtu isipokuwa mke wangu, na hatukukitaja tangu Hamdiya hajazaliwa. Walikuja studio wasichana wa skuli kuimba wimbo wa sherehe. Nilitakiwa niipitishe kamera kwenye safu nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Nikafika kwa mmoja, nikasimama. Mwongozaji akanipigia kelele masikioni niendelee. Sikuendelea. Beti nzima Unguja yote ikamtazama msichana mmoja kwa kuwa mimi nilikuwa namtazama. Nikapewa onyo la maandishi, na baada ya muda nikapewa na mke.

"Kila siku mimi ninampa hadithi moja, naye ananipa moja," alisema Ognyan. "Zangu zina vitufe. Zake zote zina wewe."

Mtu mwenye moyo mzuri angelainika hapo. Mimi wivu ulinigeukia ukaniuma upande wa pili. Kwa hiyo alikumbuka! Alikumbuka mpaka gurudumu, na alimwambia yeye. Hadithi ile ilikuwa ya watu wawili, na sasa ilikuwa na mtu wa tatu mwenye tai.

Nadhani mzee alinisoma. Akaniambia kwamba Nusra alimjibu binti yake Jumatatu asubuhi, kwa simu, mbele yake. Hatakwenda Mansfield. Binti alipandisha mshahara, Nusra akakataa tena. "Mimi mwenyewe nilimwomba," alisema. "Nilimwambia, nitaangalia na nani? Alinifunga tai." Akainamisha uso akaishika ile tai, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilijua kwamba katika chumba hiki si mimi peke yangu niliyekuwa na wivu.

Usiku ule tulizungumza. Nilimwuliza Nusra kwa nini hakuniambia tangu Jumatatu. Akasema ningepokea simu angeniambia. Akasema yeye naye aliona nimeanza kupiga katikati ya habari, akadhani nafanya makusudi kumkomoa, naye asingeweza kunibembeleza kwa ufedhuli kama ule. Nikamweleza habari ya saa. Alicheka mpaka akashika meza, na sikukasirika sana.

Halafu nikauliza lile lililonikaa kooni miezi yote. Nilisema, "Ya Sofia unayajua mpaka kahawa. Mimi hukuniuliza hata siku moja."

Akaacha kucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu alichokitafuta nyumba nzima kumbe amekivaa.

"Nikuulize nini, Baba Hamdiya?" alisema. "Mimi nilikuwamo."

Disemba Ognyan akahamishwa. Tulifuata nyuma, mimi naendesha, Nusra na mto wa mzee mapajani, barabara ya arobaini na tano kwenda kaskazini, halafu mkono wa kushoto mpaka Mansfield. Nyumba ya binti ni nzuri. Chumba alichokuwa apewe Nusra kina dirisha la bustani kweli, nilikwenda kulitazama. Niliwafungia kisanduku cha chaneli za Bulgaria, nikakaza waya ukutani, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na sikutaka aifanye mtu mwingine. Binti na mume wake wanarudi kutoka kazini jioni. Wajukuu wanamjibu babu kwa Kiingereza huku wameinamia simu zao. Tulipoaga, Ognyan alikuwa kwenye kiti chake hana tai, na Nusra hakulia mpaka tulipopita Waxahachie. Alilia kimya, uso dirishani. Nilikuwa nimeshinda, na nilikaa pale nyuma ya usukani nikiona wivu hata kwa machozi.

Siku ya pili nikaenda kununua kisanduku kama kile, nikakifunga kwetu Sharpstown.

Siku hizi Nusra analea bibi mmoja wa Stafford, asubuhi tu, na mimi nimeomba mapumziko yangu ya mchana niyafanyie nyumbani. Saa sita kasoro Mansfield inapiga. Mzee amemfundisha mjukuu mmoja wa kike kumfunga tai, tunaambiwa fundo bado linakwenda upande. Tunaweka simu mezani na sauti yake wazi, na taarifa ya habari ikianza hakuna anayesema, wao kule, sisi huku. Mimi pia navaa tai. Naijua kufunga tangu studio. Namwachia Nusra afunge.

Wivu haukunitoka, nisiwadanganye. Kuna jambo moja bado linanichoma, nalo ni la kazi. Picha ya Mansfield inafika kabla ya yetu. Si nyingi, ni sekunde chache, mtandao wao na wetu si mmoja na kila kisanduku hushikilia picha kidogo kabla ya kuiachia. Najua sababu, ila kuijua hakunisaidii. Msomaji wa habari anasema jambo kwa Ognyan kwenye simu, halafu ndipo analisema kwetu, na kila siku Mbulgaria ananitangulia ndani ya sebule yangu mwenyewe. Nilimlalamikia. Akacheka, akasema mimi nilimtangulia kwa rangi, nimwachie hili.

Jana ilikuwa hivyohivyo. Kule Mansfield msomaji wa habari ameshafika mbali, kwetu bado anavuta pumzi, na mimi nimekaa na tai yangu nikikereka. Nusra hakuniangalia. Alinyosha mkono, akapunguza sauti ya simu taratibu mpaka ya Mansfield isisikike, bila kukata, na tukabaki na yetu, iliyochelewa.